Jina Halisafishwi Dukani

Katika vilima vya Taita, upande wa juu wa Mwatate, iko nyumba ya watu wenye bidii. Baba hulima nyanya na kabeji. Mama hufuga kuku, mbuzi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Majina yao tunayaacha, maana nyumba za namna hii ni nyingi, na huenda wewe msomaji ukaiona yako ndani yake.

Binti yao wa kwanza alisomea uuguzi, akafaulu vizuri. Siku zile zile ikatangazwa nafasi ya kazi katika hospitali ya serikali. Binti akakusanya karatasi zake: vyeti vya shule, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, cheti cha kodi. Ikabaki karatasi moja tu, ile iitwayo cheti cha CRB.

"CRB ndiyo nini tena?" mama akauliza.

"Ni ofisi zinazotunza habari za mikopo, mama," binti akajibu. "Wanataka kujua kama nina deni nililoshindwa kulipa. Mimi sijakopa hata shilingi moja tangu nizaliwe, basi nitakipata upesi."

Baba alikuwa akinywa chai. Akakiweka kikombe chini, asiseme neno.

Kesho yake binti akashuka Voi, akaenda kwenye duka la saiba, akaomba habari zake kwa kompyuta. Jioni akarudi macho yamevimba kwa kulia. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya watu wasiolipa. Lilikuwa deni la mkopo wa simu, wa shilingi 4,000, uliochukuliwa miaka miwili nyuma na sasa umepita 4,600. "Ni nani aliyekopa kwa jina langu?" akalia. Mama akamlaani mwizi huyo asiyejulikana. Baba akatoka nje kwenda kuwatazama mbuzi, ingawa mbuzi walikuwa wamekwisha kufungiwa.

"NINA MTU WANGU NDANI"

Aliyekopa alikuwa baba mwenyewe. Miaka miwili kabla, bei ya nyanya ilikuwa imeanguka, naye alikuwa na deni la mbolea. Laini yake ya simu ilikuwa imekwisha kunyimwa mikopo. Lakini nyumbani ilikuwapo laini ya zamani ya binti, iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake, aliyoiacha alipokwenda chuoni. Baba aliijua namba yake ya siri. Akakopa, akisema moyoni, "Nikivuna nitalipa, wala hapana atakayejua." Mvua ikakataa. Ujumbe wa kudai ukaja, akaufuta. Ukaja mwingine, akaufuta huo pia. Mwisho akaitoa laini ile katika simu, akaificha chini ya godoro, kana kwamba na deni litalala huko.

Sasa aliona aibu kubwa kusema. Akafanya jambo linalofanywa na wengi wenye aibu: akatafuta njia ya giza. Alikuwa amesikia sokoni habari za kijana mmoja mjini ambaye kazi yake ni "kusafisha majina". Akamwendea.

"Mzee, wewe tulia," kijana akamwambia. "Shilingi 6,500 tu. Siku ya tatu jina la binti yako litakuwa jeupe kama pamba. Nina mtu wangu ndani."

Baba akauza mbuzi wawili. Mkewe akamwambia kwamba fedha ni za kununua dawa ya nyanya. Akampa kijana yule fedha, nakala ya kitambulisho cha binti, na hata namba ya siri ya laini ile, kwa kuwa aliambiwa kwamba bila hiyo "faili halifunguki". Siku ya nne kikaja cheti kwa simu. Kilikuwa na mhuri, kilikuwa na sahihi, kilipendeza macho. Baba akampa binti. "Rafiki yangu amelishughulikia jambo lako," akasema.

Bahati njema, binti alikwenda kukipiga chapa kwa mama mmoja wa saiba mwenye macho makali. Mama yule alikwisha kuona vyeti vingi. Akaitazama namba ya cheti, akaiuliza ofisi yenyewe, kisha akamwambia kwa upole, "Dada, cheti hiki hakiko. Ukikipeleka kwa mwajiri, hutakosa kazi tu, utaitwa na polisi."

Usiku ule baba akasema yote. "Mwanangu, deni lile ni langu. Nimelichafua jina lako, kisha nikakuletea karatasi ya uongo." Binti alinyamaza kimya. Mama ndiye aliyesema, na neno lake lilikuwa moja tu: "Na mbuzi wangu?" Fedha zilikwisha kwenda, na simu ya kijana yule ikawa haipatikani.

Basi, wazazi, tuiache nyumba hii kidogo na huzuni yake, tuangalie jambo lenyewe. Maana mtu akijua CRB ni nini na inafanya nini, si rahisi kumdanganya.

OFISI HIZI ZAFANYA NINI?

Nchini Kenya ziko ofisi tatu za namna hii zilizopewa ruhusa na Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ya kwanza ilipata ruhusa mwaka 2010. Kazi yao ni kupokea habari kutoka kwa mabenki na wakopeshaji wengine, kuzihifadhi, na kuzionyesha kwa mkopeshaji anayetaka kujua tabia ya mtu kabla ya kumpa fedha.

Watu wengi hufikiri kwamba CRB ni gereza la majina, na kwamba aliyemo humo ni mkosaji. Sivyo. Kila mtu aliyekopa benki, mwema na mzembe, yumo humo. Aliyelipa kwa wakati huandikwa kwamba amelipa, na hiyo ni sifa njema inayomsaidia kesho. Aliyeshindwa huandikwa kwamba ameshindwa. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kuanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 ni mtu mwenye deni lililokwama. Kuwa na jina katika ofisi hizi si aibu. Neno ni lile lililoandikwa mbele ya jina.

Deni huhesabiwa kuwa limekwama likipita siku 90 bila kulipwa. Na kabla ya kupeleka habari mbaya za mtu, sheria yamtaka mkopeshaji ampe taarifa siku 30 mbele. Ndizo zile jumbe ambazo baba yetu wa Taita alizifuta moja baada ya moja. Kila ujumbe ulikuwa mlango ungali wazi: angeweza kupiga simu, kueleza shida yake, kuomba kulipa kidogo kidogo. Usifute ujumbe wa deni. Usome, tena uujibu.

Tangu mwaka 2020 sheria imewahurumia wadogo kidogo. Deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB kama habari mbaya. Mwezi wa Aprili mwaka huo Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina ya watu. Tena mtu anayeomba cheti kwa mara ya kwanza hupewa bila malipo. Angalia vema, msomaji: kitu ambacho baba yule alikinunua kwa mbuzi wawili, tena cha bandia, cha kweli hutolewa bure kwa anayekiomba mara ya kwanza, mradi hana deni lililokwama.

DENI LA KWELI HALIFUTIKI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nasi twaomba kila mzazi alishike neno hili na kuwafundisha watoto wake. Habari iliyoandikwa kwa haki haiondolewi na mtu yeyote kwa fedha. Mwenye duka la saiba hawezi. Wakili hawezi. Hata karani wa CRB hana ruhusa kuifuta kwa kuwa umemlipa. Mwenye kuipeleka habari ni mkopeshaji, naye ndiye mwenye kuileta habari mpya kwamba sasa umelipa. Kwa hiyo njia ya kusafisha jina yapita kwa yule unayemdai heshima kwa sababu anakudai fedha. Wazee walikwisha kusema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakutaja dawa ya pili.

Na ukiisha kulipa, je, kila kitu hutoweka siku ile ile? La. Habari ya kwamba ulishindwa hubaki miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Lakini mbele yake huandikwa kwamba deni limelipwa, na cheti chaweza kutolewa, maana cheti husema kwamba sasa huna deni lililokwama. Mkopeshaji mwenye busara akiona mtu alianguka kisha akainuka na kulipa, humtazama kwa jicho jingine kuliko yule aliyekimbia. Ni kama kidonda: kikipona hubaki kovu, lakini kovu haliumi.

Anayekuahidi kuliondoa kovu hilo kwa siku tatu, ama hajui asemalo, ama ajua sana.

MTAMBUE MLAGHAI

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu hawa hujitembeza sokoni, kwenye vituo vya magari, na zaidi katika simu, wakibandika maneno yao mahali wanapoyasoma vijana wenye haja ya kazi. Hawafanani sura, lakini maneno yao hufanana.

Hutaka fedha kwanza, kabla ya kufanya lolote, tena zitumwe kwa namba ya mtu binafsi. Huahidi kufuta deni la kweli. Husema "nina mtu wangu ndani". Hutaka kitambulisho chako na namba yako ya siri, ingawa hapana ofisi ya haki duniani inayohitaji namba ya siri ya mtu. Hukukataza kuzungumza na mkopeshaji wako, maana ukizungumza naye utaujua ukweli. Wengine hukushauri utumie namba ya kitambulisho cha mtu mwingine ili uonekane mpya. Huo ni udanganyifu mbele ya sheria, na atakayeshitakiwa ni wewe uliyetia sahihi, wala si yeye aliyekushauri.

Hasara yake haiishi katika fedha ulizolipa. Aliye na kitambulisho chako na namba yako ya siri aweza kukopa kwa jina lako. Ulikwenda na deni moja, warudi na mawili. Na cheti cha kughushi ni kosa la jinai. Mwajiri akiiuliza ofisi iliyotajwa juu yake, ukweli hujulikana mara moja.

Wala msidhani kwamba ni ujinga wa vijijini tu. Huko Marekani, ambako mambo haya ya kuandika habari za wakopaji yameenea tangu zamani, walaghai wa namna hii walizidi hata ikabidi kutunga sheria maalumu mwaka 1996. Sheria hiyo yamkataza mtu anayejidai kutengeneza sifa za wakopaji asipokee malipo kabla ya kumaliza kazi aliyoahidi, na yamkataza kusema uongo juu ya kazi hiyo. Watu waliosoma sana, wenye kazi nzuri, wakaao katika miji mikubwa, nao walinaswa. Aibu ya deni humfanya mtu kuwa mwepesi wa kuamini, awe msomi au mkulima.

NJIA YA HAKI

Sasa tuseme jina lako limechafuka kweli. Ufanye nini?

Kwanza, omba habari zako mwenyewe. Kila mtu ana haki ya kupewa taarifa yake bure mara moja kila mwaka. Ukinyimwa mkopo kwa sababu ya CRB, pia unayo haki ya kuiona taarifa iliyokuponza. Iombe kwa ofisi yenyewe, katika tovuti yao au namba yao rasmi. Kama hujui kutumia kompyuta, mwambie mwanao au mtu unayemwamini akusaidie, lakini namba ya siri usimpe.

Pili, isome taarifa hiyo polepole. Andika katika daftari kila deni: la nani, la lini, shilingi ngapi. Mara nyingi utaona madeni ya namna tatu: uliyokopa kweli na hukulipa, uliyokwisha kulipa lakini hayakuandikwa, na yale usiyoyajua kabisa. Kila namna ina njia yake.

Tatu, deni la kweli, nenda kwa mwenyewe. Usingoje mpaka upate fedha zote. Mwambie: "Nadaiwa, nataka kulipa, uwezo wangu ni huu." Wakopeshaji wengi hupenda kupata kidogo cha hakika kuliko kikubwa cha maneno. Mkipatana, omba mapatano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, wala si kwa simu ya mtumishi wake. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Nakili namba yake katika daftari. Ukimaliza, omba barua ya kuonyesha kwamba umemaliza, na uwaombe wapeleke habari mpya CRB. Kisha ngoja kidogo, uangalie tena kama wamefanya.

Nne, penye kosa, dai haki yako. Ukiona deni ulilokwisha kulipa au usilolijua, iandikie CRB kwamba unalipinga, ukiambatanisha ushahidi wako. Ofisi hiyo yapaswa kumwuliza mkopeshaji, na akishindwa kuthibitisha, habari hiyo hurekebishwa. Wala hutozwi kitu kwa kudai kosa lisahihishwe. Hii ndiyo namna moja tu ya habari iwezayo kuondolewa, yaani habari isiyo ya kweli. Nawe waweza kuifanya mwenyewe kwa barua moja.

Tano, mkopeshaji akikutesa, jua kwamba nawe una kinga. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya wakopeshaji wa simu yawataka wawe na leseni ya Benki Kuu, na yawakataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia simu watu walioandikwa katika simu yake ili kumwaibisha. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kinyume cha sheria. Ndugu zetu walio ng'ambo ya mpaka wa Taveta nao walionywa: mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zisizokuwa na leseni. Kabla ya kukopa, angalia kama jina la mkopeshaji limo katika orodha ya Benki Kuu. Walakini kinga hiyo ni ya kukulinda na mateso, haikuondolei deni.

JUU YA "MSAMAHA WA SERIKALI"

Wako watu wasemao, "Mbona serikali iliwahi kuwasamehe watu wote?" Yafaa tueleze lililotokea. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kutengeneza majina ya waliokopa mabenki kwa njia ya simu, katika mikopo midogo ya siku 30 au pungufu. Watu kama milioni 4.2 walikuwa wameandikwa vibaya, kwa madeni yanayokaribia shilingi bilioni 30. Mabenki yalitakiwa kupunguza angalau nusu ya deni lililokuwapo mwisho wa Oktoba 2022, na mkopaji apatane nao namna ya kulipa masalio. Mpango ule ulikwisha tarehe 31 Mei 2023.

Basi ona mambo mawili. Hata siku ile Benki Kuu yenyewe iliponyosha mkono, mdaiwa aliachiwa sehemu yake ya kulipa. Tena mpango ulikwisha. Mtu akija leo akikuambia kwamba kwa shilingi elfu kadhaa atakuingiza katika "msamaha wa serikali", mwulize ni upi, kisha mfungulie mlango atoke.

LAINI NA VITAMBULISHO VYA WATOTO

Neno la mwisho ni kwa wazazi hasa. Twapenda kusema kwamba mali ya mtoto ni ya baba, na ya baba ni ya mtoto. Katika shamba na zizi huenda ikawa hivyo. Lakini jina la mtoto si mali ya baba. Siku mtoto anapopata kitambulisho, anaanza kuandika kitabu chake mwenyewe, na kila deni linaloandikwa humo litasomwa na mwajiri, na benki, na chama cha akiba, miaka mingi baadaye. Kukopa kwa laini ya mtoto bila yeye kujua ni kumtwisha mzigo gizani.

Nanyi vijana, laini msiyoitumia msiiache ikizagaa nyumbani. Ifungeni kwa mwenye mtandao, au badilisheni namba ya siri. Si kwa kuwadharau wazazi, bali kwa kuwaepusha na jaribu.

Tena tusiende kwa mkopo wa simu kama vile mtu aendavyo kisimani. Mkopo wa shilingi 4,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi watoza shilingi 300. Ukishindwa, ikaongezwa ada nyingine kama hiyo juu ya deni lote, utadaiwa 4,622. Anayeweka shilingi 20 kila siku katika chama cha akiba, kwa siku 200 anazo 4,000 zake mwenyewe, wala hapana atakayemtumia ujumbe wa kudai.

TUIRUDIE NYUMBA YETU

Ile nyumba ya juu ya Mwatate haikupata muujiza. Asubuhi baada ya usiku ule, baba na binti walishuka pamoja. Kwanza walibadilisha namba ya siri ya laini ile, kabla kijana yule hajaitumia. Kisha wakampigia mkopeshaji simu, baba akisema kwa kinywa chake kwamba deni ni la nyumba yao na litalipwa. Walipatana kulipa kwa mafungu matatu. Maziwa yakalipa la kwanza, kabeji zikalipa la pili, na la tatu baba alilipa kwa kufanya kibarua katika shamba la jirani, yeye mwenye shamba lake.

Baba aliomba pia taarifa yake mwenyewe, akaona deni la zamani alilokuwa amekwisha kulipa lakini lingali limeandikwa. Ujumbe wa malipo alikuwa ameuhifadhi. Binti akamwandikia barua ya kupinga, na baada ya muda kosa lile likasahihishwa. Yeye aliyeuza mbuzi wawili ili kufuta neno la kweli bila kufanikiwa, aliondolewa neno la uongo bila kulipa hata senti.

Cheti cha binti kilikuja, cha kweli, tena bure. Lakini siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya kazi ilikuwa imepita majuma mawili nyuma. Hilo halikuwa na dawa. Binti alibaki nyumbani miezi mingi, akiwasaidia wazazi shambani, mpaka ilipotangazwa nafasi nyingine.

Siku aliyopakia sanduku lake, baba alimletea kitu kilichofungwa katika karatasi. Ilikuwa laini ile ya zamani. "Ichukue, mwanangu," akasema. "Nimeitunza vibaya."

Binti akaivunja vipande viwili, akavitupa jikoni. Kisha akamshika baba mkono, wakatoka pamoja kwenda kituoni.